Mapitio: "dawa ya maono" ya pakiti inayoletwa Mtwara kwa basi, na kibanda kimoja cha dawa za kisuna

Tumepima vitu viwili. Cha kwanza ni pakiti ya unga na majani makavu, inayoagizwa kwa simu, kulipiwa kwa simu, kupakiwa kwenye basi Dar es Salaam na kuchukuliwa na mwenyewe stendi ya Mkanaledi. Cha pili ni kibanda cha dawa za kisuna mjini Mtwara, ambacho wanaoikosa pakiti hukiendea kuulizia kitu kinachofanana nayo. Wauzaji hatuwataji. Pakiti za namna hii hubadilishwa jina mara kwa mara, na anayejua cha kuangalia ataitambua hata ikija na jina jipya.

Kwa aliyekwisha kutuma pesa, jibu la haraka ni hili: pakiti isinywewe. Kibanda ni afadhali sana, ila kina kasoro moja tutakayoifikia.

Pakiti yenyewe ni mfuko wa rangi ya fedha wenye zipu, bei yake Sh 85,000 pamoja na nauli ya mzigo. Ndani mna vifuko viwili vya nailoni. Kimoja kina unga wa kahawia wenye nyuzinyuzi. Kingine kina majani yaliyopondwapondwa, kijani chake kimepauka, na humo zimejichanganya chembe ndogo nyeusi. Karatasi ya maelezo ni nusu ukurasa. Inasema hii ni ayawaska halisi kutoka Peru. Changanya vifuko vyote, chemsha mpaka maji yabaki nusu, kunywa kikombe kimoja usiku ukiwa umetulia. Utatapika, usiogope, uchafu unatoka. Basi, hayo tu. Uzito haukuandikwa, wala jina la mmea, wala tarehe, wala namba ya usajili, wala neno lolote kuhusu dawa za hospitali.

Tuanze na hilo jina. Ayawaska ni kinywaji cha wenyeji wa msitu wa Amazoni, katika nchi kama Peru, Brazil, Kolombia na Ekuado. Hupikwa kwa mimea miwili. Wa kwanza ni mtambaa mnene kama kamba ya jahazi, Banisteriopsis caapi. Wa pili ni kichaka cha jamii moja na mbuni wetu wa kahawa, Psychotria viridis, na hutumika majani yake. Majani ndiyo yenye DMT, kemikali inayoleta maono. Lakini mtu akinywa majani hayo peke yake haoni kitu, kwa sababu utumbo na ini vina kimeng'enya kiitwacho MAO, nacho huivunja DMT kabla haijafika kichwani. Kazi ya mtambaa ni kukifunga kimeng'enya hicho, kwa kutumia harmini na harmalini zilizomo ndani yake. Mlinzi akishafungwa mikono, DMT inapita mlangoni.

Anayelielewa hilo ameshaelewa karibu hatari zote zinazofuata. Mlinzi huyo hakuwekwa mwilini kwa ajili ya DMT. Ana kazi nyingine nyingi, za vyakula, za dawa, na za kemikali ambazo ubongo wenyewe unazitengeneza. Akifungwa, kazi zote hizo zinasimama kwa wakati mmoja.

Sasa, ndani ya pakiti hii kuna mtambaa huo kweli? Kuna majani hayo? Unga hausemi. Mganga wa Newala au Liwale hukusanya dawa akiiona imesimama: jani lake, ua lake, gome lake, harufu ya mzizi uliokatwa muda huo huo. Ikishasagwa, hata yeye hathubutu kuiapia. Anayeuza dawa kali kwa unga na kukataa kukuonyesha kipande kizima amekunyima kitu cha kwanza ambacho mnunuzi ana haki nacho.

Chembe nyeusi ndizo zilizotusimamisha. Zimwage kwenye karatasi nyeupe, kaa penye mwanga, zitazame moja moja. Mbegu ya mnanaha, mmea wa sumu tutakaoueleza hapa chini, ni bapa, ina umbo la figo, urefu wake kama milimita 3, rangi yake ni kahawia iliyoiva mpaka nyeusi, na ngozi yake ina vishimo vidogovidogo. Za kwenye pakiti hii nyingi zimevunjika, lakini zile chache zilizosalia nzima zina sura hiyo. Kwa hilo peke yake pakiti imeshafeli, hata kama kila kitu kingine kingekuwa sawa.

Jina la mnanaha nalo lina mtego wake. Mnanaa ni ule wa kutia kwenye chai, wenye harufu nzuri. Mnanaha, au muranha, ni Datura stramonium, mmea wa majalalani na kando ya mazizi, ua lake jeupe refu kama tarumbeta, tunda lake limejaa miiba na likikauka hupasuka sehemu nne. Herufi moja tu imewatenganisha. Mtu akiagiza kwa simu "majani ya mnanaa", na upande wa pili kuna kijana aliyeambiwa akachume, kosa linatokea bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Ndiyo maana jina la kisayansi liandikwe kwenye mfuko. Wapo wanaoliona kuwa mbwembwe za wasomi, lakini ndilo pekee lisilobadilika ukitoka Kilwa kwenda Masasi.

Hata huko Amazoni kuna wapishi wanaotia majani ya mmea uitwao toé, wa ukoo mmoja na mnanaha, ili kikombe kiwe kikali zaidi. Anayejua mambo, kabla ya kushika kikombe, huuliza kwanza kama toé imo.

Tofauti ya ayawaska na mnanaha ni kubwa. Ayawaska huanza kufanya kazi kati ya nusu saa na saa moja, hupanda, na ndani ya saa 4 hadi 6 imetua. Mtu huona maono, na mara nyingi anajua kwamba anaona maono. Ukimwita jina lake anageuka. Mnanaha si maono, ni kuweweseka. Mtu anaongea na wasiokuwepo, anaokota vitu hewani, anavuta sigara asiyoishika, anatoka nje kuelekea barabarani au baharini akiamini anakwenda nyumbani. Hukaa siku nzima, pengine mbili na zaidi. Sumu yake haina kipimo cha kutegemea: mmea mmoja na wa jirani yake hupishana, na mbegu za kiangazi hupishana na za masika. Hakuna kiasi cha mnanaha cha kunywa ambacho tunaweza kukiita salama, na anayekuambia anacho anakisia kwa mwili wako.

Tuje kwenye kikombe. Karatasi inasema "kikombe kimoja". Kikombe gani? Cha kahawa ya mtaani hakifiki mililita 100. Cha chai ya nyumbani kinakaribia 250. Bilauri inaweza kupita 300. Mtu mmoja atakunywa mara tatu au zaidi ya mwenzake, na wote wawili watakuwa wamefuata maelekezo. Halafu "mpaka yabaki nusu" ni nusu ya maji kiasi gani, na katika sufuria pana au nyembamba, kwenye mkaa au gesi? Hata wapishi wenye uzoefu hutoa vyungu viwili visivyolingana nguvu, kwa sababu mmea wenyewe haulingani. Ndiyo maana mpishi wa huko hukijua chungu chake kwanza: huonja yeye, humpa mgeni kidogo, husubiri, ndipo aamue kama kuna haja ya kuongeza. Karatasi haiwezi kusubiri wala kumtazama mtu usoni. Mtu aliyekunywa, akakaa dakika 40 bila kuona kitu, atakunywa cha pili, na vyote viwili vitamfikia pamoja.

Lililotuumiza zaidi ni ukimya kuhusu dawa za hospitali. Hapa ndipo watu hufa, na hapa ndipo karatasi haina hata mstari mmoja.

Chukua amitriptilini. Wengi wanaoimeza Mtwara na Lindi hawajui kwamba ni dawa ya sonona, kwa sababu wamepewa kwa ajili ya miguu inayowaka moto kwa kisukari, au kipandauso, au usingizi. Ukiwauliza "unatumia dawa za akili?" watasema hapana, na watakuwa wamesema kweli kwa kadiri ya wanavyojua. Muulize mtu akuletee vidonge vyenyewe, usome boksi. Fluoksetini nayo ni ya sonona, na hukaa mwilini muda mrefu: aliyeiacha juzi bado anayo, na tahadhari ya kawaida ni kuhesabu wiki 5. Tramadoli wapo wanaoimeza kama peremende kwa ajili ya mgongo na kazi nzito. Pethidini hupewa hospitalini kwa maumivu makali. Dekstromethofani imo kwenye baadhi ya dawa za maji za kikohozi. Linezolidi hupewa wagonjwa wa kifua kikuu sugu, nayo yenyewe inamfunga mlinzi yule yule.

Zote hizi zikikutana na kinywaji kinachofunga MAO, serotonini, moja ya kemikali hizo za ubongo, hujaa kupita kiasi kwenye mishipa ya fahamu. Mtu anatetemeka, anatoka jasho la kulowesha shuka, moyo unakwenda mbio, hatulii, misuli ya miguu inakakamaa. Kuna kipimo ambacho hata ndugu anaweza kukifanya: mshike goti likiwa limekunjwa kidogo, kisukume kitanga cha mguu kuelekea juu kwa mara moja, ukishikilie. Kikianza kupigapiga chenyewe bila kukoma, hiyo ni dharura na gari litafutwe papo hapo. Homa ikianza kupanda, muda umebaki mdogo sana.

Dawa za mafua zenye pseudoefedrini huleta jambo jingine: presha inaruka. Na kwa pwani yetu liko la chakula. Vitu vilivyochachushwa au kukaa muda mrefu hujenga tiramini, kemikali inayopandisha presha, na MAO ndiyo inayoivunja. Kwenye vitabu vya kizungu utasoma habari za jibini. Huku kwetu fikiria ng'onda, papa mkavu aliyekaa sana, uraka wa mabibo, tembo la mnazi. Harmini humwachia mlinzi baada ya muda, si kama dawa za zamani zilizomfunga kwa wiki, kwa hiyo hatari hii ni ndogo kuliko ile ya vidonge. Lakini msimu wa mabibo uraka uko kila mahali, na mwenye presha aliyekula ng'onda na kushushia uraka kabla ya kikombe cha namna hii amejiwekea mzigo mara tatu. Dalili yake ni kichwa kugonga vikali kisogoni, moyo kudunda, shingo kukaza.

Wako wauzaji wajanja zaidi ya huyu, wanaomwambia mteja aache vidonge wiki moja kabla. Hilo nalo lina watu wake waliolilipia. Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kikombe cha mugariga kwa Sh 500. Kikombe chenyewe kilikuwa kipimo kimoja kwa wote na alikitoa mwenyewe kwa mkono wake. Walioumia zaidi ni wale waliorudi nyumbani wakaacha dawa zao za UKIMWI, kisukari na presha. Dawa ya sonona, ya kifafa au ya presha haiachwi ghafla kwa ajili ya kikombe chochote. Kama kinywaji na vidonge haviwezi kukaa pamoja, kinachoondoka ni kinywaji.

Wapo wasiotakiwa kukikaribia kabisa, vidonge au bila vidonge: aliyewahi kuugua akili akasikia sauti, anayepatwa na vipindi vya kuchangamka siku kadhaa bila kulala, mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye magonjwa hayo, mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa moyo au presha, na mjamzito. Swali la ndugu ndilo husahaulika, na ndilo lenye uzito kwa vijana wa chini ya miaka 25, maana huo ndio umri ambao ugonjwa mkubwa wa akili hujitokeza mara ya kwanza.

Muuzaji huyo huyo anatangaza pia "iboga ya Gabon kwa kuacha pombe". Hatukuinunua, lakini neno moja ni la lazima kwa watu wa mikoa hii. Iboga ni mzizi wa wafuasi wa dini ya Bwiti huko Gabon, na kemikali yake, ibogaini, huvuruga mapigo ya umeme ya moyo. Moyo unaweza kusimama mtu akiwa amelala kimya, hata siku ya pili. Kwinini nayo hugusa umeme huo huo, na dawa ya mseto ya malaria huugusa pia kwa kiasi. Huku Kusini, nyumba gani haijamaliza dozi ya mseto hivi karibuni? Bila kipimo cha umeme wa moyo (ECG) na daktari kando ya kitanda, iboga haina nafasi Mtwara.

Jando na unyago vinatufundisha kitu ambacho aliyeandika ile karatasi hakukifikiria. Mwali haingii peke yake. Ana kungwi wake, mtu mzima aliyekwisha kupita njia hiyo, anayemjua mama yake, anayejibu kama mwali akirudi na jeraha. Huko Amazoni mambo ni hayo hayo: anayetoa kikombe anakesha. Hanywi mpaka akapoteza fahamu, anajua nani amelala na nani ametoka nje, anaimba, anashika ndoo, anamgeuza mtu ubavu asipaliwe na matapishi. Pakiti hii inamtuma mwali porini bila kungwi, tena usiku, tena kwa maneno "usiogope". Kinachouzwa ni mmea tu, na jukumu lote linabaki kwa mnunuzi asiyejua kwamba amelinunua.

Wanaojipa moyo kwamba watakwenda Msimbati kwa ajili ya utulivu wafikirie barabara ile ya mchanga saa nane za usiku, na bahari iliyo hatua chache kutoka mkekani. Utulivu mzuri ni ule ulio na gari, dereva asiyekunywa kitu, na hospitali isiyozidi nusu saa.

Na ikiwa limeshatokea, shika mkono na paji la uso. Jasho jingi, kutetemeka na miguu kukakamaa kunaelekeza kwenye mgongano wa dawa. Ngozi kavu yenye moto, uso mwekundu kwa mweupe wa rangi, mdomo mkavu hata kumeza mate hawezi, mboni za macho zimetanuka, tumbo kimya, mkojo hautoki: huo ni mnanaha. Vyote viwili vinaweza kuonekana kama mtu amepandisha jini, na usiku mwingi umepotea kwenye kilinge huku joto la mwili likipanda. Jini halikaushi mkojo. Hospitali kwanza.

Usimtapishe kwa kidole wala kwa maji ya chumvi. Usimpe maziwa. Usimfunge kamba, anavyozidi kupambana nazo ndivyo misuli inavyovunjika na mwili kuchemka, na figo zinafuata. Punguza mwanga na watu, mvue nguo nzito, mpanguse kwa maji ya kawaida, mlaze ubavu. Mtu mmoja aongee naye, tena kwa sauti ndogo. Mpeleke Ligula au Hospitali ya Kanda ya Kusini kule Mitengo. Ukiwa Lindi, Sokoine. Ukiwa upande wa Masasi, Ndanda iko njiani. Beba pakiti, karatasi, sufuria yenye masalio, na vidonge vyote vilivyomo ndani ya nyumba. Mwambie muuguzi ukweli mzima pale mapokezi, ukianza na saa aliyokunywa. Kuficha kwa kuogopa polisi kunamfanya daktari atibu malaria ya kichwani huku sumu ikiendelea na kazi yake.

Kuhusu sheria tutakuwa wafupi. DMT imo kwenye Jedwali la Kwanza la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, na hapa nyumbani kuna Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Peru iliutangaza ujuzi wa jadi wa ayawaska kuwa urithi wa taifa mwaka 2008, na Brazil inaruhusu inywewe kwenye ibada. Ruhusa hizo ni za huko. Haziingii kwenye buti la basi zikashuka Mkanaledi, na jina kwenye risiti ya mzigo ni la mpokeaji.

Sasa kibanda. Ukifika unaona cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ukutani, lile lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, na picha ya kwenye cheti ni ya aliyesimama mbele yako. Dawa ziko kwenye makopo ya kioo yenye vifuniko, kila kopo lina jina na mwezi wa kuvunwa. Anapima kwa mizani ndogo ya dijitali, si kwa konzi. Hauzi dawa ya maji iliyokaa kwenye chupa za kuokota, na sababu anaitoa mwenyewe: dawa ya mizizi iliyochemshwa na kuachwa kwenye joto la Mtwara huchacha ndani ya siku mbili tatu, chupa inavimba, na kilichomo si kile kilichopikwa. Ukimuulizia mnanaha anakuambia hauzi wa kunywa, kwa mtu yeyote. Mjamzito anaulizwa kabla hajatajiwa bei. Kombe lake ni la zafarani na maji ya waridi, halina tatizo. Haya ndiyo maadili ya kazi, na tunayaheshimu.

Kasoro yake ni haramali. Mbegu hizi ndogo za kahawia, Peganum harmala, huuzwa kwa ajili ya kufukiza, na hapo ugomvi wetu ni mdogo: dirisha likiwa wazi, mtoto mchanga na mwenye pumu wakiwa nje, fukiza. Lakini anaziuza pia za kusaga na kunywa, kijiko kimoja kwa maji ya moto, kwa "kufukuza hasadi na mawazo". Haramali ina harmini na harmalini, zile zile za mtambaa wa Amazoni, tena kwa wingi. Mnywaji wa haramali anamfunga yule mlinzi bila kujua kwamba yupo. Mama mwenye amitriptilini ya miguu, kijana wa tramadoli, mgonjwa wa linezolidi, wote wanaingia kwenye hatari tuliyoieleza juu, na safari hii kwenye kibanda chenye cheti. Ikizidi yenyewe huleta kutapika, kutetemeka, mapigo ya moyo kushuka na maruweruwe. Kwa mimba ni mbaya zaidi, kwa sababu husukuma mji wa uzazi; tangu kale imetumika kutoa mimba. Swali la mimba analiuliza, hilo tumelishuhudia. Swali la vidonge haliulizi, na "mawazo" ndicho kilio kile kile ambacho hospitali huandikia dawa za sonona.

Dawa yake ni rahisi na haigharimu kitu. Kopo la haramali libandikwe maneno mawili, "kufukiza tu". Akiona hilo ni zito kwa biashara, basi asimuuzie mtu yeyote ya kunywa mpaka alete vidonge vyake mkononi, na anayekuja kwa ajili ya mgonjwa aliyeko nyumbani arudi na boksi. Kwa mizani aliyonayo na umakini alionao, hili halimshindi.

Alama zetu: kibanda 3 kati ya 5, na zitapanda siku kopo hilo litakapobandikwa. Pakiti 0.

Aliyekwisha kuipokea pakiti asiimwage jalalani wala nyuma ya nyumba. Mbuzi wa mtaani wanafika popote, na mbegu za mnanaha hazifi kwa kutupwa. Hukaa ardhini miaka, mvua za Desemba zikianza zinachipua, na watoto wanachuma maua. Asiichome pia, moshi wake una sumu. Kifuko na kifuko vitumbukizwe kwenye choo cha shimo. Karatasi ya maelezo na risiti ya basi avihifadhi, vina namba ya simu ya muuzaji, kisha avipeleke kwa mratibu wa tiba asili katika ofisi ya Mganga Mkuu wa halmashauri yake.